Sketi tisa za babu zenye lebo ya Ireland, na nilichokifanya na mkasi asubuhi ya ngoma

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nyie wa umri wangu, mambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Napita, nasoma, nacheka peke yangu, naondoka bila hata ku-like. Shuleni niko hivyo hivyo. Nipo kidato cha tatu hapa Mpanda na kuna walimu nadhani hawajawahi kusikia sauti yangu.

Ila nina daftari ninaloandika mambo ya kila siku, na haya nimeyatoa humo karibu kama yalivyo. Sijaongeza chumvi. Sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo, mtaziona wenyewe.

Twende.

Ilianza Jumamosi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Muda naujua kwa sababu nilikuwa nimeangalia saa ya ukutani nikapiga hesabu: sketi tisa, kila moja nusu saa, nitamaliza saa nane kasoro dakika kumi. Ukaguzi wa vikundi uwanjani ni saa tisa. Inatosha.

Sketi zenyewe ni za wanaume.

Tulieni, naeleza.

Babu yangu mzaa mama anaishi Majimoto. Ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, sasa analima mpunga. Ni manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa kikundi kinaitwa Jembe Halilali. Wanacheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Jembe linarushwa juu, linadakwa, mtu anachuchumaa mpaka chini na kuinuka, yote kwa mdundo mmoja.

Vazi lao ni sketi nzito ya sufu, ya manjano iliyokolea kama binzari, ina marinda mengi na mikanda miwili ya ngozi kiunoni. Wanavaa marinda yakiwa mbele, ili mtu akichuchumaa yafunguke kama mwavuli. Mkiwaona tisa wakishuka kwa pamoja mtaelewa kwa nini watu wanapiga vigelegele.

Na mwanamke haivai. Mimi nimekua nikikatazwa hata kuishika. Fikiria, sketi, halafu unaambiwa wewe msichana kaa mbali! Anayezifua na kuzipiga pasi ni Bibi tu.

Sasa wiki hiyo Bibi mguu ulimvimba, akabaki Majimoto. Kikundi kilikuja Mpanda na lori la mchele kwa ajili ya tamasha la ngoma za asili. Wakafikia kwetu Misunkumilo, na mfuko wenye sketi ukawa umekaliwa na magunia safari nzima. Zilitoka humo zimekunjamana kama majani ya mgomba yaliyokauka.

Babu akaniangalia. "Kabula, pasi unaiweza?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwangu hiyo ni hotuba.

Kabla sijaendelea mjue jambo moja. Babu alikuwa ameshasema hii ndiyo mara yake ya mwisho kuongoza. Magoti yamegoma. Baada ya Mpanda anamkabidhi kipenga Maduhu, yule mcheza ngoma mrefu anayependa utani. Kwa hiyo haikuwa ngoma tu. Ilikuwa ya mwisho ya Babu.

Na barua ya kamati ilisema wazi: vazi liwe la asili, na kikundi kitakachobainika kudanganya kitaondolewa.

Haya. Niko uani, pasi ya mkaa imekolea, nimetandika kanga mbichi juu ya sufu isiungue. Maduhu anapita na kikombe cha chai.

"Kabula, ukiunguza hiyo utaivaa wewe, na kurusha jembe utarusha."

"Mwache mjukuu wangu," Babu akamjibu kutoka kivulini, "pasi haitaki kelele."

Nikageuza kiuno cha sketi ya kwanza ninyooshe upande wa ndani.

Kuna lebo.

Ndogo, nyeupe iliyogeuka njano, herufi za kijani. "Made in Ireland."

Wakuu, nilihisi baridi na pasi ya moto mkononi.

Sababu ni hii. Mwaka jana kidato cha pili mwalimu wa History alitupa kazi ya mavazi ya makabila. Mimi nilichora mwanaume wa Kisukuma na sketi ya marinda, nikaandika chini yake: "Vazi la asili la Wasukuma. Rangi ya manjano inawakilisha mtama ulioiva." Nilipata tisa juu ya kumi. Mchoro ukabandikwa ukutani!

Habari ya mtama nilipewa na Maduhu. Sikumuuliza yeye kaitoa wapi.

Nikageuza sketi ya pili. Ireland. Ya tatu. Ireland. Zote tisa.

Nikaingia ndani, nikachukua simu ya Mama, yeye alikuwa sokoni. Nikaanza kusoma huku mkaa unapoa. Bando lake la wiki nililimaliza asubuhi hiyo, na hilo nilikuja kulijibu kivyake.

Sasa hapa wapenda historia msogee karibu.

Ile nguo inaitwa kilt. Mimi nilikuwa najua kilt ni ya Scotland, ile ya mirabamiraba na mtu anapuliza zile filimbi zenye mfuko. Nikajua basi Ireland nao ni ndugu zao, wamevaa tangu enzi na enzi.

Kumbe hapana.

Watu wa Ireland wa zamani kabisa walikuwa wanavaa shati refu la kitani, linashuka kama kanzu, na juu yake joho la sufu. Mashati mengi yalikuwa yanatiwa rangi ya manjano. Wakifanya kazi au wakienda vitani wanalipandisha na kulifunga mkanda, linakaa magotini. Kilt yenyewe ilianzia kwa majirani zao, milimani huko Scotland.

Halafu wakawa chini ya Waingereza miaka na miaka. Mambo yao mengi yakafifia, lugha, mavazi, vyote. Ilipofika wakati ambao wanataka kujitawala, zaidi ya miaka mia moja hivi iliyopita, wakatokea vijana na wasomi wakasema, sisi nasi tuwe na vazi letu, mtu akituona ajue huyu si Mwingereza.

Wakaangalia michoro ya kale. Wakaona wanaume wenye mashati yamefungwa mkanda, chini yamejikunja kama marinda. Wengi wao wakaamini kabisa kwamba ile ni kilt.

Wakaivaa.

Wengine wakaitia manjano ili ikumbuke rangi ya yale mashati. Wapuliza filimbi wakavaa. Wacheza ngoma wao wa kiume wakavaa. Walikuwepo wenzao waliowacheka, wakasema hiyo ni ya jirani, vaeni kitu kingine. Hawakusikia. Mirabamiraba ya kila mkoa wao, ambayo watu wanadhani ni ya mababu, ni ya juzijuzi tu, watengeneza vitambaa ndio waliibuni.

Na leo kuna bwana harusi wa Ireland anaoa amevaa kilt, na baba yake analia kwa fahari.

Nilicheka mwenyewe pale sebuleni. Nilijiona mimi na mtama wangu ulioiva.

Halafu nikakumbuka barua ya kamati, kicheko kikakata.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Babu alikuwa hatua kumi kutoka pale nilipo. Anakunywa uji. Ningeweza kwenda nikamwuliza, "Babu, hizi nguo zimetoka wapi?" Maneno matano.

Sikuweza. Niliogopa nitamwaibisha. Niliogopa labda hajui, aende kwenye ngoma yake ya mwisho na moyo uliovunjika. Na niliogopa tu kuongea, kama kawaida yangu.

Nikachukua mkasi wa Mama.

Nikakata lebo zote tisa, taratibu, uzi kwa uzi, nisiharibu sufu. Nikazitia mfukoni mwa sketi yangu. Nikarudisha mkaa kwenye pasi, nikaendelea na kazi. Marinda yalinyooka mpaka Maduhu akasema Bibi apumzike moja kwa moja.

Nilijiona nimemwokoa Babu.

Saa tisa uwanjani. Watu kibao, bodaboda zimepaki mstari mzima, mama wa karanga, mama wa miwa. Kamati ilikuwa na meza chini ya turubai. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mnene, mpole wa uso. Pembeni yake mzee wa miwani aliyevaa shati la kitenge lililonyooshwa vizuri mno, ndiye mkagua mavazi. Mimi jina lake sijui na hata ningelijua nisingeliandika.

Mzee wa miwani akamwambia Babu, "Nguo nzuri, mzee wangu. Hii ni ya Kisukuma?"

Babu akajibu bila hata kusita. "Hapana. Hizi nilizinunua mtumbani, Majimoto, zilipofunguliwa kwenye robota. Wanawake walizikataa, nzito, zinawasha. Sisi suruali zilikuwa zinatupasukia matakoni tukichuchumaa. Nikazibeba zote tisa. Lebo zake zipo ndani hapo, tazama."

WAKUU.

Babu alikuwa anajua muda wote. Habari ya mababu na mtama ilikuwa ya kina Maduhu, waliingia kwenye kikundi wakazikuta sketi, wakajitungia. Babu hakuwahi kuitamka. Alikuwa amejiandaa kusema ukweli, na ushahidi wake wote ulikuwa mfukoni mwangu.

Babu akageuza kiuno cha sketi yake amwonyeshe.

Hakuna kitu.

Akamwita Maduhu, akageuza cha Maduhu. Hakuna. Wa tatu. Hakuna. Nilimwona Babu anapapasa ile sufu kwa kidole gumba kama mtu aliyepoteza funguo.

"Zilikuwepo," akasema.

Mzee wa miwani akainama, akasogeza miwani. "Hapa pana vijiuzi. Mzee, hapa pametolewa kitu, na kimetolewa leo leo. Unaniambia zipo, mimi naona zimekatwa. Mbona mnatuchezea?"

"Sijakata kitu."

"Basi zimejikata." Akachukua kalamu. "Barua ilisema. Anayedanganya anaondolewa."

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Kuna mmoja akapaza sauti, "Mzee wa sketi kakamatwa!" Maduhu akageuza tena kiuno cha sketi yake, kana kwamba lebo ingerudi. Babu alisimama tu na jembe lake, mkono mmoja bado umeshika kiuno cha sketi.

Mimi nilikuwa nyuma ya ngoma kubwa. Naweza kuwaambia idadi ya hatua kutoka pale hadi mezani, ni kumi na nne, kwa sababu nilizihesabu nisianguke.

Nikafika. Nikatoa lebo mfukoni, nikazimwaga mezani. Tisa. Moja ilipeperuka, nikaikimbilia, watu wakacheka zaidi.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," mwenyekiti akaniambia.

"Ni mimi nimezikata! Babu hajui. Nilipiga pasi nikaziona, nikadhani mkiziona mtamfukuza. Babu hajadanganya. Mimi ndiye."

Sauti yangu ilitoka kubwa hadi mimi mwenyewe nikashtuka.

Mzee wa miwani akaokota moja, akaisoma. "Kwa hiyo ni za Ulaya, na mwenyewe kakiri. Vazi la asili hapo liko wapi? Tuendelee na kikundi kingine."

Nadhani ningeondoka. Miguu ilikuwa imeshageuka. Ila Babu akanishika bega, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko jikoni, "Kabula, hiyo Ireland ni wapi? Mimi nimeisoma hiyo lebo miaka yote na sijawahi kujua."

Basi nikamjibu Babu. Sikuiangalia kamati, nilimwangalia yeye. Nikamweleza kuhusu mashati ya manjano, na majirani wa milimani, na vijana waliotafuta nguo ya kusema sisi ni sisi. Nikamwambia nao waliikuta kwa jirani, nao wakajipa moyo kwamba ni ya mababu.

"Kwa hiyo hata kwao ni ya kuazima?" Babu akauliza.

"Ndiyo, Babu."

"Na wakacheza nayo ngoma?"

"Wakacheza. Ila wao marinda wanaweka nyuma."

"Aaah, hapo wamekosea."

Turubai zima lilicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akamgeukia mzee wa miwani.

"Mzee mwenzangu, hilo shati lako la kitenge, kitambaa chake alikifuma bibi yako, au nacho kilikuja na meli?"

"Mama mwenyekiti, mimi sichezi ngoma."

"Sawa, huchezi. Kina mama wa Kikonongo pale wanacheza, na wote wamejifunga vitenge. Tuwafukuze?"

Mzee akaweka kalamu chini. Nampa haki yake, hakukasirika. Alisema tu kwamba sheria ni sheria, alama za vazi hawezi kuzitoa.

Mwenyekiti akakubali. Wataingia, watacheza, alama za vazi sifuri, na Babu atawaambia watu kwenye kipaza sauti nguo imetoka wapi.

"Nitawaambia," Babu akasema. "Nipeni hicho kipaza."

Nyie, mnadhani alihutubia? Aliimba!

Alitunga palepale kwa Kisukuma. Nikiwaambia kwa ufupi, alisema kuna nguo imetembea kuliko ng'ombe wa baba yake. Ilizaliwa kwa jirani, ikaolewa Ireland, ikachoka, ikapanda meli. Ikafika Majimoto, wanawake wakaikataa, ikakaa chini inalia. Wakapita wanaume wenye majembe, wakaiuliza, "Unaweza kuchuchumaa?" Ikasema, "Naweza." Na kina Maduhu wanaitikia kila mstari, "Ailelandi! Ailelandi!", majembe yanapanda hewani.

Uwanja ulilipuka. Watoto waliitikia Ailelandi hadi jioni.

Na Babu alishuka chini kabisa, marinda yakafunguka kama ua, akainuka bila kuweka mkono ardhini. Mimi nilikuwa naangalia magoti tu. Aliinuka mara saba. Ya mwisho akampa Maduhu kipenga bado anahema, na Maduhu akageuza uso pembeni ili watu wasimwone.

Tulikuwa wa pili. Kina mama wa Kikonongo walishinda, na kusema kweli walistahili. Ila alama za vazi zingetufikisha nafasi ya kwanza, Maduhu kazihesabu na hajaacha kuniambia.

Nilichojifunza, wakuu, mimi nakiweka hivi. Nilikuwa nadhani kitu kikitoka kwa mwingine basi kukivaa ni uongo. Sasa naona uongo ulikuwa kwenye mkasi wangu. Nguo yenyewe ilikuwa na lebo yake wazi, na Babu alikuwa na jibu lake wazi. Mimi ndiye niliyekaa na swali moyoni mpaka likaharibika.

Na shule zikifunguliwa nitamwambia mwalimu wa History kuhusu ule mtama. Nimeandika hapa ili nisikimbie.

Sasa niambieni nyie. Kwenu kuna vazi, chakula au ngoma ambayo mmekua mnajua ni yenu ya asili, mkaja kugundua ilitoka kwingine? Ilikuwaje? Mlisema au mlikaa kimya? Wajuzi wa Ireland pia, kama kuna mahali nimekosea nisahihisheni, nitasoma zote hata kama sitajibu haraka. Aibu bado ipo, haijaisha yote siku moja.

Najua kuna mtu atauliza lebo ziliishia wapi.

Jumapili niliamka saa kumi na mbili na robo. Lori la mchele lilikuwa linarudi Majimoto saa mbili. Nikakaa mlangoni na sindano, nikazishona zote tisa pale pale zilipokuwa, juu ya vitundu vilevile. Ya Babu niliiacha ya mwisho. Chini ya lebo yake nikashona kipande kidogo nilichokata kwenye pindo la sketi yangu ya shule ya zamani, ya bluu, na kwa uzi mweupe nikaandika: Majimoto.

Babu akaja akasimama. Akaisoma, akapitisha kidole.

"Na mwaka? Lebo huwa na mwaka."

"Siujui, Babu."

"Si uniulize."

Nje dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi. Maduhu na wenzake wako juu ya lori wanaita, "Mzee! Mzee, twende!"

Nikaingia ndani mbio, nikatoka na daftari na kalamu, nikakaa kwenye kizingiti.

"Babu," nikamwuliza, "siku ile mtumbani ilikuwaje?"

Babu akawapungia mkono wasubiri, akavuta kigoda.